Mkenge Juu ya Bati la Mwatumu

Upepo ulimkuta Mwatumu kwenye kibanda cha jikoni, nyuma ya nyumba, akimkorogea mumewe uji. Mchana ule Makuyuni nzima ilikuwa na joto la kukaba. Mara mawingu yakashuka kutoka milimani, mvua ikapiga kabla hajaanua nguo kambani. Akasikia mlio kama gunia la mahindi makavu linapasuka, kisha ardhi ikatikisika. Alipochungulia, mkenge uliokuwa umesimama pale kabla hata nyumba haijajengwa ulikuwa umelalia paa, mizizi imeng'oka, na waya wa umeme umeanguka juu ya bati.

Awadhi, mumewe, alikuwa ndani.

Huyu Awadhi alikuwa mkata mkonge, mtu wa mabega mapana, aliyependa kuimba akiwa kazini. Kiharusi kilimwacha na mkono mmoja tu unaofanya kazi, wa kushoto, na ulimi mzito. Maneno yakawa yanamtoka nusunusu, na anayeyaelewa vizuri ni mkewe tu. Kabla hajaugua alikuwa amepanga kuupunguza ule mti. Jirani yao Semboja, Mshambaa aliyepasua mbao miaka mingi, alikwisha kumwonyesha uyoga ulioota shinani, akamwambia ndani kumeoza. Ugonjwa ukawahi.

Mwatumu akatupa mwiko, akakimbia. Alikuwa amebakiza hatua chache kufika mlangoni Semboja alipopiga kelele kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Yusra! Simama! Usiguse mlango!"

"Mume wangu yumo ndani!"

"Najua yumo. Waya umelalia bati, na mlango wako ni wa chuma. Ukishika tu, tutazika wawili. Rudi nyuma taratibu, usinyanyue miguu, iburuze."

Akarudi akiburuza miguu kwenye tope, analia. Sisi majirani tulikuwa tumeanza kukusanyika barabarani, Semboja akatuzuia wote mbali, hata waliobeba ngazi. Simu ikapigwa kwa watu wa umeme. Wakasema wamesikia, nyaya zimeanguka sehemu nyingi, wanakuja, mtu yeyote asisogee. Umeme ulikuwa umekatika kwenye nyumba zetu zote, na mmoja wetu akasema basi hata ule waya umekufa. Semboja akamjibu kwamba unaweza kurudi wakati wowote bila kubisha hodi.

Ikawa kungoja. Mwatumu akasimama mvuani, kanga imemgandia mwilini, akamwita mumewe kwa Kizigua. Akaita tena. Ndipo tukasikia ngo, ngo, ngo: Awadhi anagonga ubao wa kitanda kwa ule mkono wake mzima.

"Baba Yusra, usiguse ukuta! Tulia hapohapo, tunakuja!"

Akagonga. Paa likalia, shina likashuka kidogo, tukapiga yowe sote. Akagonga tena, safari hii polepole. Mwatumu akawa anamzungumzisha bila kupumzika, habari za uji, za mbuzi, za binti yao Yusra aliyeko Old Korogwe, maana alipokuwa akinyamaza, yule mgonjwa alizidi kugonga. Ramadhan, mdogo wake Awadhi, alikuja mbio akitaka kuvunja dirisha. Tukamshika watu watatu, akatutukana huku analia.

Watu wa umeme walifika mvua ikiwa imepungua, wakakata kule kwenye transfoma, wakauondoa waya, wakatuambia sasa ruksa. Semboja akachagua wawili tu waingie kwa mlango wa mbele, wasipite chini ya shina. Wakamtoa Awadhi juu ya godoro, amelowa chapachapa, vumbi la dari limejaa kwenye nyusi. Mwatumu akamshika uso. Awadhi alisema neno moja, na mkewe tu ndiye aliyelielewa, hajatuambia.

Kesho yake Ramadhan alikuja na panga, akapanda kwenye matawi.

"Shuka," Semboja akamwambia. "Tawi hilo limekunjwa kama upinde. Ukilikata, litakurudia kifuani."

"Kwa hiyo tuiache nyumba ya kaka inalowa?"

"Mwenye chensoo anayeijua kazi hii yuko Misima. Tumngoje."

Ramadhan akashuka. Yule wa Misima alikuwa na miti mingine juu ya nyumba nyingine, na mvua haikupumzika. Kila siku Mwatumu alisimama mbali, akitazama maji yakiingia kwake. Kabati lake la vyombo lilikuwa linaonekana kupitia tundu la paa, likivimba, na hakuruhusiwa kwenda kulichukua, maana ukuta ulikwisha kupata ufa.

Siku ya kukata, walifunga kamba, wakaanzia kwenye vitawi vya nje, wakaja polepole kuelekea shina, watu wote wakiwa wamesogezwa mbali. Shina lilipokatwa karibu na mizizi, kisiki kikajirudi shimoni kwa kishindo. Angekuwapo mtu mle, angefukiwa mzima. Hakuumia mtu. Lakini shina lilipovutwa kutoka kwenye paa, ukuta wa chumba cha kulala ulifuata, na kenchi zote za paa zikaja chini. Mwatumu alikuwa amesimama pale alipoambiwa asimame. Alinyoosha mikono mbele, kama mtu anayetaka kudaka kitu, kisha akaishusha.

"Pole, mama," yule wa chensoo akasema. "Hatukuwa na namna nyingine."

"Nimeona, mwanangu," akajibu.

Sasa wanakaa kwa Yusra, chumba kimoja. Nilipokwenda kuwajulia hali nilimkuta Awadhi amegeuzwa uso kuelekea dirishani. Yusra akaniambia kwamba kila asubuhi baba yake anauliza lile lile, wanarudi lini nyumbani, na mama yake anamjibu kuwa mvua ikiisha. Mvua ilikwisha zamani. Mwatumu alinikaribisha chai, akaniuliza kama mahindi yake yameliwa na nguruwe, kisha akainuka kwenda kumgeuza mumewe ubavu.