Mama Alikataa Ipunguzwe Mwendo

Ndugu yangu mdogo alikuwa na kiherehere cha kuharakisha kila kitu, na kompyuta hakuisamehe. Aliiongezea mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani, na mpaka malaria ilipomchukua, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mashine ilikuwa bado inamtii. Baada ya mazishi tukabaki wawili, mimi na mama, na mashine ikaanza kuganda kila tukiiwasha. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa inachemka, na kile kifeni chake cha zamani kimechoka.

Mimi ningeiacha hivyo hivyo. Lakini ndani kulikuwa na sauti yake. Alijirekodi akijaribu maikrofoni, anapiga domo tu kuhusu ng'ombe na mvua ya kwetu Roret, na mama alitaka kumsikia mpaka mwisho. Kila mara iliganda katikati. Kuruka mbele alikataa. Mtu hakatizwi akiongea, alisema.

Fundi wa redio wa Kericho aliniambia kitu rahisi: punguza huo mwendo, joto litashuka. Nilipomweleza mama aliniangalia kana kwamba nimesema tufukue kaburi.

"Vile aliiwacha ndivyo itakaa."

Nilikasirika, sitaficha. Viatu vyake bado vilikuwa mlangoni, hakuna wa kuvigusa, na nilikuwa nimechoka kuishi na mtu ambaye hayuko.

Basi nikaenda Nakuru kutafuta kipoza joto kikubwa, chuma cha kukalia juu ya prosesa na kuinyonya joto bila kugusa mwendo. Cha kwanza kilipendeza macho lakini kilikuwa chepesi, mapezi yake, vile vibati vya kutolea joto, yanapinda ukiyagusa. Nikachukua kile kizito cha alumini chenye feni mbili, kibaya ajabu. Muuzaji akasema nisisahau kupaka dawa nyeupe ya kupitisha joto kati yake na prosesa, ila kwake ilikuwa imeisha.

Mama akanipa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kwetu hayo hupakwa kila kitu: chuchu za ng'ombe, mikono iliyopasuka kwa kuchuma majani chai, hata bawaba za mlango. Nikapaka. Kumbe yakipata moto yanayeyuka. Yakatiririka, chumba kikanuka zizi, na mashine ikaganda kabla ndugu yangu hajafungua mdomo. Mama aligeukia ukuta akalia, na hasira yangu yote ikaniisha.

Nikapangusa kwa spiriti, nikarudi kwa fundi. Dawa nyeupe alikuwa nayo, huipaka ndani ya amplifaya. Nyumbani nikaipaka nyembamba, nikakandamiza kile chuma mpaka kibanio kikashika.

Alasiri hiyo mvua ilikuwa imetulia. Feni zikanguruma. Ndugu yangu akaongea, akapita pale alipozoea kukatikia, akacheka. Mama alikuwa anangoja neno la kwaheri. Najua, maana hata mimi nililingoja. Halikuwepo. Tulichosikia, kwa mbali, nje ya kile chumba alichorekodia, ni sauti ya mama mwenyewe ikimwita aje kula.

"Nakuja, mama," akajibu, na rekodi ikaisha.

Mama aliinuka bila kuniangalia, akaingia jikoni. Nikasikia sufuria inafunuliwa. Aliporudi alikuwa amepakua sahani tatu.