Simwoni, Mama

Mdogo wangu alitengwa na kanisa kwa sababu ya Sikukuu ya Mavuno, na mimi ndiye niliyepeleka jina lake kwa mchungaji. Sikusita hata kidogo. Siku hiyo watu wa Bungu walikuwa wamepanga sadaka zao mbele ya madhabahu, kabichi, ndizi, mafungu ya miwa, kuku waliofungwa miguu, vyote vikisubiri mnada wa baada ya ibada. Yeye akaingia na joho la kwaya amelivaa ndani nje, ananuka pombe ya miwa, akajaribu kushika sauti ya nne, ikamshinda, akajilaza juu ya kabichi za watu. Akakoroma. Waumini walewale ambao jioni hunywa kwa jirani mlango ukiwa umefungwa wakatikisa vichwa kwa majonzi makubwa. Niliwadharau na hao, lakini yeye nilimdharau zaidi, kwa sababu tulizaliwa tumbo moja.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Kwetu hicho si cheo cha umri bali ni kazi. Unapewa mtaa wako, na mshiriki wa mtaa huo akipotea, ni juu yako kumfuata mpaka umpate. Mimi nilikuwa hodari wa kusoma matangazo. Kufuata waliopotea niliwaachia wasio na shughuli. Tulipopata habari kwamba mdogo wangu ameteremka hadi Mkata, wilaya ya Handeni, anauza mahindi barabarani, nilisema Handeni imepata mtu wake na sisi huku milimani sasa tutapumua.

Mama hakupumua. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akibakiwa na mwanga na vivuli, na hospitali hakutaka kuisikia kwa kuogopa kisu. Alichotaka ni kimoja tu, mwanawe arudi nyumbani kabla yeye hajafa. Akaniamuru nimpeleke huko Mkata.

"Mama, mwenyewe hataki kupatikana," nilimwambia.

"Mungu hachoki kutafuta watu, mimi ni nani nichoke?"

Nikamjibu kwamba Mungu hapandi basi. Akaniambia nifunge mdomo nibebe kikapu.

Tulikwenda mara tatu. Tunashuka Korogwe, tunashika basi la Segera, tunapita Kabuku, mpaka Mkata, nami njia nzima nikinung'unika kuhusu joto, vumbi, na watu wa tambarare wanaosalimiana nusu saa kabla ya kusema walichokijia. Mara mbili za kwanza hatukumwona. Nilifurahi, wala sitaficha.

Mara ya tatu nilimkalisha mama kwa mama lishe mmoja, mbele ya chai na mihogo. Stendi ilikuwa na mhubiri mwenye kipaza sauti kibovu, aliyekuwa akipayuka kwamba kuna mtu hapa Mungu anamtafuta. Nilicheka kwa sauti. Kubahatisha gani huko, kwenye stendi iliyojaa watu? Hata mimi ningeweza kuwa nabii kwa staili hiyo.

Basi moja likasimama, wauzaji wakalikimbilia, na katikati yao nikamwona. Beseni la mahindi kichwani, shati limechanika begani, anawachekea abiria kwa meno yale yale aliyokuwa akinichekea tulipokuwa watoto. Na yeye akaniona. Beseni likatulia juu ya kichwa chake. Hakuinua mkono wala hakukimbia.

Mama alisikia nimenyamaza. "Vipi, unamwona?"

Nilifikiria kumrudisha Bungu na shati lile, kupita naye mbele ya nyumba za watu, na majirani wakitoka kuchungulia. Mimi, mzee wa kanisa.

"Simwoni, mama."

Akageuza uso kuelekea ukuta wa kituo cha mafuta, akidhani ndiko barabara iliko, akaita jina lake la utotoni. Aliuita ukuta mara nne. Wateja wa mama lishe wakaacha kula. Mimi nikatazama saa na kusema tutachelewa basi.

Wiki haikuisha, mdogo wangu akafika Bungu mwenyewe, kwa miguu kutoka lilipomshusha basi. Mama alimshika akalia mpaka nikatoka nje. Kwamba aliniona, hakumwambia mtu. Nilisubiri aseme, hakusema, na kimya chake kikanikera kuliko ulevi wake wote.

Jumapili ya kumpokea, kanisa lilijaa, maana watu wetu hawakosi aibu ya mwenzao. Kwa desturi yetu, anayerudi kundini husimama mbele, na mzee wa mtaa wake husimama ubavuni, halafu mchungaji humuuliza mzee alimpata wapi ndugu huyu. Nilivaa koti. Jibu nililiandaa tangu Ijumaa.

"Mzee, ulimpata wapi ndugu huyu?"

Kabla sijafungua kinywa, mdogo wangu akasema, "Kaka alikuja Mkata mara tatu kunitafuta." Hakuwa ananikejeli. Nilimtazama nikitafuta kejeli kwa bidii, nikaikosa. Alikuwa ananifunika, yule mlevi wa kabichi, mbele ya watu wote ambao angeweza kunivua nguo mbele yao.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilijiona jinsi nilivyokuwa, nimesimama mbele kwa miaka yote hiyo nikisoma matangazo, nimepotea ndani ya kanisa, na hakuna aliyenikosa.

"Nilimwona," nikasema. "Mama aliniuliza, nikamwambia simwoni."

Watu wakavuta pumzi kwa raha. Nikavua koti, nikatembea mpaka benchi la mwisho karibu na mlango, wanakokaa waliotengwa, nikakaa peke yangu. Hakuna aliyegeuka kunifuata.

Ndipo nikamwona mama ananyanyuka. Akaja na njia ya katikati akipapasa benchi baada ya benchi, akigusa mabega. "Ni wewe?" Mtu anajibu, si mimi, mama. Anasogea. "Ni wewe?" Ningeweza kumwita. Nilikaa kimya, nikiomba achoke, na sehemu nyingine ya moyo wangu ikiogopa kwamba kweli atachoka.

Hakuchoka. Alifika benchi la mwisho, mkono wake ukashika mkono wa shati langu na kuukaza.

"Nimekupata," akasema.

Akakaa hapo pamoja nami, na kule mbele mchungaji akasubiri.