Maman alikatala kutoshwa kizazi, na mimi nilikuwa nimeshaitika kwa niaba yake

Bakubwa, jambo kwenu. Hii ni ya kwetu nyumbani, naiandika vile ilipita, sitaongeza kitu.

Maman iko kijijini, Nyantende, analima mihogo. Alizaa sisi saba. Mimi ndiye première, mutoto wa kwanza, natumika mu bureau hapa Muhumba, mu Bukavu.

Mwaka jana aliacha kwenda misa. Nikafikiri amekosana na bamaman ba kikundi yake.

Siku moja nilikuwa namusaidia kufua, nikakuta vitambaa mingi chini ya matelas ya kitanda yake. Nikamuuliza. Akaniambia kizazi inashuka, inatokea inje kila akibeba muzigo. Na mikojo inamuponyoka.

Miaka ine, bakubwa. Hata papa hakujua.

Nikamuleta hôpital huku Bukavu. Munganga, mwanamuke mumoja mupole, akamupima vizuri. Akatuelezea kama kizazi yenyewe haina ugonjwa, ni nyama zenye kuishikilia ndizo zimelegea. Anaweza kuitosha, ni kusema kuiondoa kabisa, ao kuiacha na kuishona irudi pahali pake. Kila njia iko na hatari yake, na kwa zote mbili shida inaweza kurudi.

Mimi nikajibu mbio: «Mutoshe tu. Iko na miaka makumi sita, hana tena kazi nayo.»

Munganga hakuandika kitu. Akamugeukia maman.

Maman akasema sauti ya chini: «Humo ndimo mulipita wote saba. Kama haina ugonjwa, muniachie.»

Nilisikia haya. (Mimi mwenye diplôme, kila siku kazini naongea juu ya haki za bamaman!)

Munganga akamuuliza tena kama ameelewa, na kama atarudi kwa kontrol, bamupime tena. Maman akaitika. Bakamuopere, bakaishona.

Leo ni miezi munane. Mizigo ya mihogo, papa ndiye anabeba. Majirani banamucheka papa ya kuwa anabeba kama mwanamuke, yeye hajali. Juzi tulienda Katana kwa ndoa ya binamu; safari yote maman hakuomba gari isimame hata mara moja. Aliimba.

Sisemi kila mutu aache kizazi. Kuna bale batu banaitoshwa na banapona vizuri. Nasema tu: mbele ya kujibu, muulize mwenye mwili.

Kwenu mulifanya namna gani? Andikeni hapa chini, hata kama munaona nilikosea. Maman amekaa pembeni yangu, ananiuliza kama kuna mutu amejibu.