Bia ya Maua

Ua la baba lilikuwa limefika darini na, kwa kukosa pa kwenda, likapinda kuelekea dirishani, kama jirani mbea anayechungulia barabara ya Ggaba. Tuliliita ua ingawa halikuwahi kuchanua hata siku moja. Lilikuwa majani matupu, mapana na manene. Baba alilileta hapa nyumbani Kansanga likiwa kijiti ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Alipofariki lilikuwa ndani ya nusu pipa alilokatiwa na mafundi wa Katwe, na sebule ilikuwa yake, sisi wapangaji tu.

Kila Jumamosi baba alilifuta vumbi, jani moja moja, kwa kitambaa alichokilowesha bia iliyobaki chupani mwake. Alisema bia hung'arisha majani. Mama, mlokole aliyetoka naye Kenya, alifungua madirisha yote na kuimba pambio kwa sauti ya kugombana.

Baada ya msiba mama alitumia maji. Kisha Jumamosi moja akajifunga leso, akachukua kikombe cha plastiki, akaingia baa ya jirani. Nilimfuata huku natamani ardhi inimeze.

"Nyabo!" mwenye baa alishangaa. "Wewe naye nakunywa? Bambi, pole, sababu ya mzee?"

"Nataka ile imebaki kwa chupa. Ni ya maua."

Baa nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi tangu tumzike baba. Wakimvua hiyo, angebaki na nini? Tuliporudi nyumbani nilimwambia maji yanatosha.

"Wewe shika stuli nisianguke," alinijibu.

Akaendelea hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku moja wakabisha hodi wenzake wawili wa kanisani. Mama alikuwa juu ya stuli, kitambaa mkononi, sebule nzima inanuka bia. Nikakimbilia dirisha nikalifungua.

Aliyeanza kusema alikuwa mke wa askari kutoka kambi ya Mbuya, mama wa kaskazini ambaye mumewe alikwenda vitani zamani na hajarudi. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Mama, watu nasema wewe naanza kunywa. Sisi nakuja kuomba na wewe. Sasa hii harufu ni ya nini?"

Nilifungua mdomo nieleze habari za majani kung'aa. Mama akaniwahi. Alishuka, akakaa kwenye kiti cha baba, kitambaa bado kinamdondokea mapajani.

"Majani yanang'aa hata kwa maji," alisema. "Miaka yote nilifungua madirisha ili harufu hii itoke. Ikatoka. Sasa nyumba hainuki mtu."

Nilikuwa nimemwonea aibu wiki nyingi. Dakika ile nilimwonea uchungu tu.

Mama wa Mbuya aliinuka. Nilidhani anaondoka, na kwamba Jumapili kanisa zima litakuwa na habari. Akapita nyuma ya lile pipa, akasukuma majani pembeni kwa mkono, akafunga dirisha.