Bibi Aliposema Fungura

Mfuko wa ngozi wa kamera ya Baba bado unanuka mafuta ya cherehani. Baba alikuwa fundi wa nguo, na kila kitu kilichokwaruza nyumbani kwetu, bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, hata kufuli la sanduku la Bibi, alikidondoshea tone la mafuta yale yale. Mfuko ulipokakamaa, nao akaupaka. Wiki iliyopita aliponikabidhi kamera iwe yangu moja kwa moja, niliufungua mfuko ule, harufu ikanipanda puani, na kabla sijagusa chochote nilikuwa nimesharudi Kimisagara, mtaa wetu wa Kigali, nina miaka kumi na mmoja, na Bibi amekaa mlangoni mbele yangu.

Nikiri mapema ili tusisumbuane: nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Niliweza kufuta herufi moja mpaka daftari likatoboka, kisha nikalia kwa sababu ya tundu. Nikitumwa chumvi, nilirudi kutoka njiani kuuliza kama kweli nimetumwa chumvi. Ukubwani sijapona sana. Aya hii yenyewe nimeiandika mara tano.

Kamera Baba aliachiwa na mwalimu mmoja wa Kibelgiji, aliyekuwa akishonesha suruali kwetu, siku aliporudi kwao. Baba aliitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na pengine ingekuwa pale hadi leo kama nisingeishusha mimi. Hapakuwa na wa kunifundisha. Nilikuwa na karatasi moja tu iliyotoka ndani ya boksi la filamu, imeandikwa Kifaransa, ina vijipicha vinne: jua kali, jua lenye wingu, mawingu matupu, na nyumba yenye kivuli. Chini ya kila kijipicha palikuwa na namba. Jua kali lilikuwa kumi na sita, na kadiri mwanga ulivyofifia ndivyo namba zilivyoshuka.

Namba hizo zilinitesa. Zilikuwa za tundu la lenzi linaloingiza mwanga, na niliamini kumi na sita ni tundu kubwa, kwa sababu kumi na sita ni nyingi kuliko nne; mtu akikwambia vinginevyo utadhani anakutania. Mpaka siku moja, kamera ikiwa tupu, nikafungua mgongo wake, nikaielekeza dirishani na kuzungusha pete ya lenzi polepole. Kwenye kumi na sita tundu lilikuwa dogo, unapita uzi tu. Kwenye nne lilikuwa pana kama kifungo cha koti. Namba ikipanda, tundu linaziba! Nilifurahi kana kwamba dunia nzima ilikuwa haijajua.

Kulikuwa na namba za pili, za muda ambao pazia la ndani hukaa wazi. Mia na ishirini na tano, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara hizo, ilikuwa kupepesa jicho. Thelathini ilikuwa uzembe. Mtu akitikisika kidogo tu, picha inaonyesha. Jinsi namba hizi mbili zinavyoelewana nilijifunza kwa Baba, naye hakujua ananifundisha. Alikuwa akimkatia mteja gauni, akamwambia, "Dada yangu, kiunoni nikiongeza, kwenye pindo nitapunguza. Kitambaa ni kile kile." Nikakimbilia daftari langu nikaandika: Mwanga ni kitambaa. Tundu ukilipanua, muda uufupishe.

Kuanzia hapo niliandika hali ya jua kila nilipotoka nje, nikiipa namba yake ya lenzi. Kaka yangu Rajabu alipata burudani ya bure.

"Karani wa Jua!" alinipigia kelele mbele ya wenzake. "Saa hizi jua iko ngapi?"

"Kumi na moja," nilimjibu bila kutabasamu. "Kuna wingu."

Walianguka chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimesema kweli tupu.

Sasa nikwambie kuhusu Bibi. Alikuwa mama yake Baba, mzaliwa wa Ujiji, aliyeolewa Kigali akiwa msichana mdogo. Kaka yake, Babu Hamisi, alibaki kule. Walikuwa hawajaonana tangu kabla sijazaliwa. Waliishi kwa barua na salamu za madereva wa malori. Mwaka ule ikaja barua ya Babu kwamba macho yake yanamwacha kidogo kidogo, na anaomba aletewe sura ya dada yake angali anaweza kuiona. Bibi hakuwahi kupigwa picha hata moja. Aliisikiliza barua, akafunga ushungi wake vizuri, akasema, "Basi Zainabu atanipiga."

Lakini uani hakutoka. "Nikae nje watu wa barabarani waniangalie kama mbuzi wa sadaka?" Alikaa mkekani, mlangoni kwa ndani, amegeukia chumba, na nyuma yake ua umemeta kwa jua la mchana, nguo zimeanikwa kwenye kamba. Mimi nilisimama ndani kando ya cherehani. Nikatazama ua: jua kali. Nikatazama karatasi: kumi na sita. Nikapiga, nikajiona fundi. Picha ikasafishwa mjini, na kwa kuwa lori lilikuwa linaondoka asubuhi ile ile, Baba aliitia kwenye bahasha bila mimi kuiona.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa, na Baba aliyasoma kwa sauti, nyumba nzima ikiwa imekaa. "Picha nimepokea," Babu aliandika. "Nguo mlizoanika nimeziona vizuri sana, hata suruali yenye kiraka. Lakini mlangoni mmeweka gunia la makaa. Dada yangu yuko wapi? Fanyeni haraka, jicho la kushoto limeshafunga."

Walicheka mpaka Mama akajifuta machozi, na Bibi ndiye aliyecheka kuliko wote. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo. Kilichobaki masikioni mwangu ni maneno ya mwisho tu. Mzee mmoja alikuwa na jicho moja, na nilimpelekea kiraka cha suruali.

Kwenye filamu ya pili ilibaki picha moja tu. Filamu nyingine haikupatikana madukani, na dereva wa Ujiji alikuwa anaondoka Jumatatu. Kwa hiyo ilibidi iwe Ijumaa, baada ya swala, na iwe sawa. Tangu alfajiri sikuweka kitu mdomoni. Mama alinisukumia chai, nikasema baadaye. Mchana palipikwa wali na isombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa ambayo siku nyingine nilikuwa nayalamba mpaka chini ya sufuria, nikasema baadaye.

Shida yangu nilikuwa nimeshaielewa, na kuielewa hakukunisaidia. Nikizingatia jua la nje, Bibi atakuwa makaa. Nikizingatia uso wa Bibi uliokuwa kivulini, ua wote utaungua uwe mweupe, nguo, ukuta, mbingu, vyote vipotee. Nilivitaka vyote. Picha nzuri, niliamini, ni ile isiyopoteza kitu. Bibi alipokaa pale pale mlangoni, niliiegemeza kamera juu ya cherehani isitikisike, namba ya muda nikaishusha hadi thelathini ili pazia likae wazi zaidi, na tundu nikalizungusha kwenda nane, nikarudi kumi na sita, nikaenda nane tena, mwisho nikaliacha kumi na moja, ambayo haikuwa ya nje wala ya ndani. Ilikuwa namba ya mtu mwoga.

"Bibi, usitikisike," nilimwambia.

"Sijatikisika tangu swala," alisema. Kisha akanitazama, akanitazama sana, uso ukamlegea kwa huruma, akasema taratibu kwa ile sauti yake ya kubembeleza: "Fungura, mwana wanjye. Fungura."

Mkono wangu ukasimama hewani. Msomaji, uelewe kwamba Kiswahili chetu cha Kimisagara kiliota herufi r kila mahali. Sisi tulifungura milango na kufungura madirisha. Na mimi siku ile kichwani nilikuwa na tundu moja tu. Nikasikia: fungua. Sikujiuliza bibi kizee asiyejua hata kamera inafunguliwa wapi amepata wapi elimu ile. Nilihisi tu mtu mkubwa amenituma, na nikitumwa na mtu mkubwa kosa si langu tena. Nikaizungusha pete mpaka nne, nikabana pumzi, nikabonyeza.

Picha ilirudi Jumapili jioni. Nilifunika uso. Ua ulikuwa umeungua wote: hakuna kamba, hakuna nguo, hakuna ukuta, weupe tu kama maziwa yaliyomwagika. Na chini, upande wa mkono wa Bibi, palikuwa na ukungu, kwa sababu alitikisika baada ya kuahidi. Uso ulionekana, ndiyo, kila mkunjo wa paji la uso na kidoti kilichokuwa karibu na pua. Mimi niliona kilichoharibika. Niliwasihi wasiitume. Baba akaitia kwenye bahasha.

Barua ya Babu ilipofika na Baba akaanza kusoma, "Safari hii nguo hazionekani kabisa," sikungoja. Nilitoka mbio hadi nyuma ya choo, mahali pangu. Kutoka kule nilisikia kicheko kikubwa, kisha kimya kirefu. Nilijua wananicheka, kisha wananihurumia. Baba alipotaka kunisomea iliyobaki niliziba masikio, na barua ile haikutajwa tena. Bibi alinipakulia tu jioni ile nyama nyingi kuliko Rajabu. Kwa miaka iliyofuata, nilipokuwa napiga picha za harusi, nimeshajifunza kwamba mwanga hupimwa kwa uso wa mtu, na watu wakiniuliza nani alinifundisha, nilijibu kwa majivuno kidogo kwamba bibi yangu alijua mwanga, na mara moja aliniambia nifungue, na alikuwa sahihi.

Wiki iliyopita, chini ya kamera, ndani ya ule mfuko wa ngozi, nilikuta barua imekunjwa mara nne. Baba alikuwa ameihifadhi. Nilikuwa nimesimama, nina harusi ya kupiga mchana, na nilishakagua lenzi yangu mara sita. Nikasoma:

"Safari hii nguo hazionekani kabisa, wala ukuta, wala hiyo Kigali yenu. Yuko yeye tu, kama ameletwa mlangoni kwangu. Paji la uso amechukua la mama yetu; sikujua. Mwambieni mtoto aliyepiga kwamba nimemwona dada yangu. Na huo mkono wenye ukungu nimeutazama kwa jicho lililobaki mpaka nikaujua. Ameshika sahani. Hajabadilika, bado analazimisha watu kula. Mwambieni nimekula."

Nikakaa chini, juu ya boksi la vifaa. Fungura. Kwa Kinyarwanda ndiyo njia ya upole ya kumkaribisha mtu chakula, na Bibi alikuwa ameishi Kigali miaka mingi kiasi kwamba mapenzi yake yote aliyasema kwa lugha hiyo. Neno hilo nililisikia kwake kila siku ya utoto wangu, isipokuwa siku ile. Hakuwa akiona tundu wala mwanga. Alimwona mtoto aliyeshinda na njaa tangu alfajiri kwa ajili ya namba, akamnyooshea sahani ya wali, na mtoto akampiga picha.

Niliitazama saa. Jua lilikuwa kumi na sita, na nilikuwa sijaonja kitu tangu jana yake. Nikairudisha barua ndani ya mfuko wake, nikaiacha kamera mezani, nikaenda kula.