Mtoto Niliyemtoa Mstarini

Mwanangu, siku ile ya tamasha pale Mikumi naikumbuka hata nikijitahidi kuisahau. Nilikuwa afisa utamaduni kijana, sina muda mrefu Kilosa, na kichwa kilikuwa juu kwelikweli. Nilizunguka mashuleni nikifundisha sanaa, nikihubiri kwamba ngoma itawapatanisha wakulima na wafugaji. Usicheke, niliamini.

Shule moja ya Tindiga ilileta kikundi cha ngoma ya mavuno. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wameingia mashambani, watu wakaumizana, na wazazi wengine hawakutaka watoto wao wakae dawati moja na watoto wa wafugaji. Lakini kikundini alikuwamo Nasieku, binti wa Kimasai aliyezaliwa hukohuko Tindiga. Mwalimu wake alihangaika muhula mzima mpaka wenzake wakamkubali. Alivaa kaniki kama wao, njuga miguuni, na alicheza vizuri kuliko wengi.

Mimi nikamwona, nikaharibu.

Tulikuwa na wageni, watalii waliotoka mbugani, na katika mpango wangu kila kabila lilikuwa na ngoma yake. Nikamshika mkono. "Wewe njoo huku, utavaa shuka na shanga uruke. Hii si ngoma yenu."

Nilisema kwa sauti, mbele ya wenzake. Akavua njuga taratibu. Msichana aliyekuwa kando yake akasogea kuziba nafasi, na mstari ukaendelea.

Aliruka, mwanangu. Peke yake, na shuka la kuazima. Wageni wakapiga picha, nami nikapiga makofi.

Watu walipotawanyika baba yake alinifuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Akaendelea, "Mtoto nimempeleka shule akae na wenzake. Leo umewaambia wote kwamba yeye ni mgeni. Kesho atakaa na nani?"

Nikaanza kumweleza habari za sera ya utamaduni. Hebu fikiria! Mtu ananiuliza habari za mwanawe, mimi namjibu kwa sera. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniaga kwa heshima, akaondoka na binti yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda Tindiga. Mwalimu akaniambia Nasieku anakuja darasani, ila ngoma ameikataa katakata, na wenzake wameshaanza kumwita Mmasai wa watalii. Nikamwomba binti radhi mbele yao wote. "Sawa, mwalimu," akasema, macho chini. Hakurudi kucheza. Huku ofisini nikasifiwa, na tamasha lile ndilo lililonipandisha cheo. Kila nilipopongezwa nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na mpaka leo naona aibu kukusimulia.

Nakusimulia kwa sababu nawe umechagua kazi hiihii ya sanaa na haki za watu. Utapewa mamlaka ya kupanga nani acheze nini, na utajiona unawatendea wema. Usimwambie mtoto yeye ni wa wapi. Muulize, na akikujibu, mwamini, hata kama jibu lake linavuruga mpango wako na wageni wameshakaa vitini. Ukikosea, omba radhi upesi, ila usidhani radhi inamrudishia mtu kila ulichomnyang'anya.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie katika kazi yako, na akujalie aibu ikufikie kabla hujatenda.