Kundi la Kuitikia

Mama yangu mdogo alikuwa ametoka kufukia nyasi kwenye matuta yake siku waliyomchagua aigize. Shamba lenyewe liko nje kidogo ya Mwimbi. Kwetu Ufipa nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea, mvua zikielekea kukatika, tuta hupandwa maharage, na ulezi, ambao ndio faida ya kazi yote, huja msimu unaofuata, matuta yakishasambazwa. Anayefukia anaamini kwamba mwakani bado atakuwepo.

Yeye hakuwa na uhakika huo. Mumewe alikuwa amefariki, halafu akafariki mtoto wa shemeji yake, ndugu wa mumewe, na shemeji akaanza kusema kwamba vifo vya namna ile haviji vyenyewe. Kisimani watu waliacha kumsalimia. Alichotaka ni kuachwa pale avune ulezi wake.

Ndipo akaja mwalimu wa maigizo kutoka Mbeya, na mradi wake. Mimi naandaa vipindi vya redio Sumbawanga, nikaenda kurekodi. Alinieleza kwamba Wagiriki wa kale walicheza tamthilia mbele ya mji mzima ili watu walie pamoja na kupona pamoja. Alikuwa ametunga moja kwa mtindo huo: malkia anashtakiwa kuwaletea watu wake tauni, na kundi la wazee linamhoji, linamwitikia, mwisho linamsamehe.

Mama mdogo alipewa umalkia kwa sababu ndiye huanzisha nyimbo misibani, na sauti yake inafika mbali. Shemeji aliwekwa kiongozi wa kundi, na hilo lilipangwa.

"Wakiigiza pamoja watapatana," mwalimu aliniambia.

Walifanya mazoezi katika darasa la shule ya msingi. Aliwafundisha kuvuta pumzi pamoja, kuanza neno pamoja na kulimaliza pamoja. Hapa hakuna sauti yako wala yangu, aliwaambia, kuna sauti moja.

"Mwalimu, huyu mzee hajawahi kukubaliana na mtu hata kuhusu mvua," jirani mmoja alisema, akimwonyesha shemeji.

"Nakubaliana na ugali wa mkeo," shemeji akajibu.

Walicheka wote, na mama mdogo alicheka nao. Wiki hizo watu walimsalimia tena. Mwanamke mmoja alimletea maharage.

"Labda yamekwisha, mwanangu," aliniambia.

Siku ya onyesho uwanja wa shule ulijaa. Malkia alinyoosha mikono akasema, "Tauni hii nimeileta mimi." Kundi likaitikia, likahoji, likasamehe. Watu walilia, nami nililia. Wageni waliotoka Matai, makao ya wilaya, walisimama kupiga makofi, kisha wakapanda gari pamoja na mwalimu.

Kesho yake ukoo wa marehemu mumewe uliitisha kikao. Nilikaa mlangoni.

"Shemeji, umesema mwenyewe mbele ya watu," shemeji alianza.

"Nilisema maneno ya malkia."

"Tunajua ni maigizo, sisi si watoto. Lakini wanawake wako wengi Mwimbi. Kwa nini mwalimu alikuchagua wewe?"

Hakumsubiri ajibu. Aliwageukia waliokaa.

"Abaki au aende?"

"Aende."

Walilitamka kwa pumzi moja, wakaanza pamoja na kumaliza pamoja. Wengi wao walikuwa kundini. Ukoo ule, ambao hugombana hata juu ya nani atachimba kaburi, sasa ulikuwa na sauti moja. Hakuna aliyekumbuka kwamba baada ya pale inafuata sehemu ya msamaha.

Nilimpigia simu mwalimu. Alisema pole, alisema mabadiliko huchukua muda, kisha akauliza kama kipindi kitarushwa. Kwenye ofisi moja pale Matai wamebandika picha ya onyesho: mama mdogo amenyoosha mikono, shemeji yuko nyuma yake, mdomo wazi.

Sasa mama mdogo anaishi kwangu Malangali, hapa Sumbawanga. Majuzi alipita mtu wa kwao kutusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huko hamjambo?"

"Hatujambo. Shemeji yako aliyasambaza yale matuta, akapanda ulezi."

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Umeota vizuri?"

"Vizuri sana."

"Nyasi zilikuwa nyingi," alisema, akatoa jiwe moja kwenye ungo na kulitupa uani.